Baiskeli Isiyokwenda Kokote

Sisi baiskeli tuliyoijua ni Phoenix. Ina keria, ina kengele, ina dinamo. Ukiipanda Mbagala unashukia Kariakoo. Mpwa wangu ana BMX: magurudumu ya inchi 20, kiti kimeshushwa hadi hakikaliki, na huku na huku mwa kila ekseli kumetokeza chuma cha kusimamia, eti pegi. Keria hakuna. Nilipouliza debe la maji litakaa wapi, niliangaliwa kwa huruma.

Mchezo wenyewe ni flatlendi. Huruki matuta, hushuki ngazi. Vituko vyote ni papo hapo kwenye sakafu. Wale vijana wa California walioianzisha BMX miaka ya 1970 walau walikuwa wakishindana nani atangulie kufika. Huyu wangu saa kumi na mbili yupo pale pale alipokuwa saa kumi.

Somo la kwanza ni endo. Unakwenda taratibu, unabana breki ya mbele, unaegemea mbele kidogo, tairi la nyuma linanyanyuka. Ukirudisha kiuno nyuma, linashuka. Kubana breki ya mbele peke yake ndicho hasa tulichokatazwa na kila mtu mzima mtaani, na leo ndiyo darasa la chekechea! Wakishaiva wanaacha na breki: soli inachomekwa kati ya tairi la mbele na uma, gurudumu linagoma. Soli ya kiatu cha shule. Ada nimelipa, kiatu nani ananunua?

Kisha kuna ile ya mguu mmoja kwenye pegi ya mbele, mwingine unalisukuma tairi kidogo kidogo, nyuma ikiwa hewani, breki ikibanwa na kuachiwa. Raba inalia kwi, kwi, kwi. Saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari.

Ninayoivumilia ni rokiwoki. Nyuma inazunguka nusu duara juu ya gurudumu la mbele, halafu mbele inazunguka nusu juu ya lile la nyuma, baiskeli inasonga kwa madaha kama bibi harusi anaingia ukumbini. Mwanzoni inatosha kujifunza hiyo na endo, wengine wapumzike.

Nikiuliza faida, natajiwa Matthias Dandois, Mfaransa aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Haya. Mbio za BMX ziliingia Olimpiki mwaka 2008, na mitindo ya kwenye matuta ikafuata Tokyo. Ya kwake haimo.

Wanasema ni mchezo wa bei rahisi, hautaki chochote ila sakafu bapa na laini. Nionyesheni! Mtaa wetu ni mchanga na makorongo. Sakafu ya namna hiyo ipo kituo cha mafuta, ambako mlinzi anawatimua, na barazani kwangu, nilikopiga niru kwa hela yangu.

Jana nimetoka na kiti na kikombe cha kahawa, nikamkuta amesimama juu ya tairi la mbele.

"Shikamoo anko. Samahani, sogea kidogo."

Nikasogea. Barazani kwangu.