Kinyota Mzoaji

Kuna watu ukiwaambia "chukua unachotaka" wanabeba na sufuria. Ndivyo kilivyo kinyota (*) cha Unix, kinachozoa kila jina la faili linalolingana, kilicho kazini tangu 1971.

Juzi bwana mmoja wa ofisini kwetu, fundi kwa kauli yake mwenyewe, aliandika amri ya kunakili, cp *.txt, akabonyeza Enter, akaegemea kiti kama mwenye shamba. Pa kupeleka hakutaja. Na folda ilikuwa na mafaili mawili tu ya aina hiyo: bajeti.txt na mishahara.txt. Sheli, programu inayopokea amri, ikakifumbua kinyota kabla cp haijaona kitu. Cp ikasikia tu, nakili bajeti juu ya mishahara. Ikatii. Hata kukohoa haikukohoa.

Ajabu, kinyota, mlafi huyu, ana maringo. Faili linaloanza na nukta haligusi. Kwenye Linux ukimtuma *.jpg, HARUSI.JPG inaachwa hapo hapo, eti herufi kubwa si ukoo wake. Mshenga gani anabagua hivyo?

Bwana wetu siku hizi anaanza na echo *.txt, anasoma majina yote kwa sauti kama mwalimu wa zamu, ndipo anakili. Mishahara ya mwezi huu bado tunaisubiri.