Jinsi ya Kumvunjia Mfalme Taji

Kwanza, chagua mfalme. Edward wa Pili wa Uingereza anafaa sana. Alitawala kuanzia 1307 hadi 1327, na peni zake za fedha hazina mwaka. Tena zina sura ile ile na jina lile lile la baba yake, hata mtu huchanganyikiwa ni zipi za nani.

Usimguse mwenyewe. Nenda karakana ya London ukatafute panchi ya taji: kipande cha chuma chenye taji lililoinuka nchani. Fundi huigonga juu ya chapa, yaani chuma cha kupigia sarafu, taji likazama. Chapa nayo hugongwa juu ya fedha, taji likainuka. Basi gonga panchi hiyo chapa baada ya chapa, mpaka pambo dogo lenye umbo la ncha ya mkuki, upande wa kushoto wa taji, limeguke.

Sasa usiitupe! Endelea nayo. Kila chapa mpya itazaliwa na pengo hilo, na kwa kuwa chapa zilichongwa London na kupelekwa hata Canterbury, pengo litasafiri nazo.

Miaka mia saba baadaye, chukua peni moja, upana wake kama ukucha wa dole gumba. Ishike ukingoni, uiinamishe taratibu chini ya taa mpaka kivuli kiingie kwenye taji. Hatua hii naipenda kuliko zote. Wengi hupotea hapa, kwa hiyo shika hili: kilichomeguka kwenye panchi hukosekana kwenye sarafu. Kilichomeguka kwenye chapa huongezeka, maana fedha hujaa shimoni na kuacha uvimbe.

Unaogopa kuwa ni kuchakaa tu? Tafuta peni nyingine ambayo herufi zake zimekaa tofauti. Hiyo ni chapa nyingine. Pengo likiwa pale pale, mkosaji ni panchi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ndugu wawili wa ukoo wa Fox walizipanga peni hizi kwa madaraja wakifuata alama za aina hii. Daraja la 11, lenye pengo hilo, leo huwekwa takriban 1310 hadi 1314. Na ukipata peni mbili za panchi moja, moja ina taji zima na nyingine pengo, chapa ya ile nzima ndiyo kubwa kwa umri, kwa sababu ncha ya chuma ikishameguka haioti tena.