Jozi ya Nane Mbele ya Mashemeji

Kilichomuuma mwalimu si jogoo. Jogoo alimnunua mwenyewe Busia, akamfunga miguu, akapanda naye bodaboda hadi Lumino, upande wa Uganda, kwa wakwe, awe zawadi ya mashindano ya poka yaliyoandaliwa na yeye, kwa sheria zilizofundishwa na yeye, kwa vizibo vya soda vilivyookotwa na yeye. Aliyeondoka na jogoo Jumapili hiyo ni shemeji mdogo kuliko wote, kijana ambaye mchana huohuo alikuwa akiuliza kwa nini mtu anapewa karata mbili tu, nyingine zimeisha?

Swali halikuwa la kijinga. Upande wa Kenya, ukitaja poka, wengi huelewa Kadi: mchezo wa kumaliza karata mkononi. Mbili na tatu humlisha jirani, jeki huruka mtu, kingi hurudisha zamu nyuma, kwini na nane huuliza swali linalodai jibu, na asiyetangaza "niko kadi" mapema hana ruhusa ya kumaliza. Ukivuka kwenda Uganda unamkuta binamu yake, Matatu. Huko kila mchezaji hupewa karata saba, moja huwekwa wazi chini ya furushi, na atakayecheza saba ya aina hiyo amekata mchezo hapohapo. Kila mtu huhesabu pointi alizobaki nazo, na mwenye chache ndiye mshindi. Kwa hesabu hizo esi ya kawaida ni 15, ila esi ya shupaza peke yake ni 60. Mtoto aliyekulia Lumino huijua karata hiyo kama anavyomjua mkuu wa shule: humheshimu, lakini hataki kubaki naye chumba kimoja.

Mwalimu aliyajua haya yote. Akaleta Texas Hold'em vilevile, poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani.

Walikuwa wamebaki wanne alipopata nane mbili. Akasukuma vizibo vyote katikati ya meza, akaegemea kiti. Mashemeji wawili wakatupa karata zao. Yule mdogo akachungulia zake kwa muda mrefu.

"Shemeji, hii ya shupaza huku kwenu bado ni kubwa?"

"Ni kubwa, shemeji, lakini si kwa namna ile ya..."

"Basi naingia."

Alikuwa na esi ya shupaza na tatu ya uru. Karata nne za kwanza za mezani zilikuwa tisa, sita, mbili na jeki. Kwa hao wawili zikabaki karata 44 wasizozijua, na kati yake tatu tu, esi tatu, ndizo zingeweza kumwangusha mwalimu. Ikaja esi ya kopa.

Hapa inafaa mtu amwonee mwalimu huruma kidogo, maana jozi za katikati, kuanzia saba hadi kumi, ni fumbo lililowasumbua hata wanaoishi kwa mchezo huu. Kupewa jozi yoyote ni kama mara moja katika mikono 17. Nane mbili zikikutana na esi na kingi, zinaongoza kwa takriban 55 kwa 45. Zikikutana na esi na tatu, kama za kijana, ni kama 70 kwa 30. Zikikutana na jozi kubwa zaidi, zinabaki na nafasi kama 20 kwa mia. Basi ni nzuri au mbaya? Ukisubiri karata tatu za kwanza zikuletee nane ya tatu, utaipata chini ya mara 12 kwa mia. Usipoipata, karibu kila mara meza itakuwa na karata inayozidi nane. Ni mkono mzuri mno kutupwa na mdogo mno kuchezwa kwa utulivu. Ndiyo maana watu husukuma vizibo vyote, wakamwomba Mungu.

Mwaka 2003 huko Las Vegas, katika shindano kuu la dunia lenye wachezaji 839, mhasibu Chris Moneymaker, aliyeingia kwa tiketi ya mtandaoni, alisukuma nane mbili dhidi ya esi mbili za Humberto Brenes. Nane ya tatu ikaja, Brenes akaenda zake. Baadaye Phil Ivey alikuwa na tisa mbili, akapata tisa ya tatu juu ya kwini mbili zilizokuwa mezani. Kwa hesabu za kibinadamu alikuwa ameshashinda. Karata ya mwisho ikawa esi, Moneymaker aliyekuwa na esi na kwini akampita, na Ivey akatolewa wa kumi. Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5. Mwalimu aliwasimulia mashemeji kisa hiki mara tu baada ya kushindwa. Hakuna aliyekiona kinamhusu.

Na kuna jambo ambalo kwake si mzaha tena. Katika mashindano, vizibo vya lazima, vile vinavyowekwa kabla ya karata kugawiwa, hupanda kila baada ya muda. Mwenye rundo hukaa akangoja karata nzuri. Mwenye vichache hana uhuru wa kungoja, ni lazima aende na nane zake kabla hazijaliwa na saa. Watu humwita mwenye papara. Hata nje ya meza vizibo vya lazima vilimfuata mwalimu, maana ujuzi wenyewe aliupatia kwenye simu, akiwa ukweni, kwa bando la Uganda: kwanza kulikuwa na ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018, na ilipoondolewa Julai 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Serikali imekula kwenye kila jozi aliyowahi kujifunzia, na haijapoteza hata mara moja.

Mkwe mzee, ambaye kwa heshima hakukaa meza moja na mkwewe, aliamua kesi kutoka kwenye kiti chake cha mbali: "Mwalimu, hesabu zako ni nzuri. Jogoo ni wa mtoto."

Safari iliyofuata mwalimu alipata saba mbili, akawa wa kwanza kutolewa.

Iliyofuata hiyo, kumi mbili. Kijana alikuwa na jeki mbili.

Sasa mashemeji wameamua mashindano yarudi kwenye Matatu. Mwalimu hajanyimwa nafasi kabisa: kwa kuwa anajua hesabu, yeye ndiye atakayejumlisha pointi.