Maulamaa wa Biashara

Mwaka 1959, taasisi mbili za wakfu huko Marekani, ya Ford na ya Carnegie, zilipotoa taarifa za kuzishutumu shule za biashara kwamba walimu wake wana hadithi nyingi za sokoni na utafiti haba, shule hizo zilitahayari, zikatubu, na kwa msaada wa fedha za Ford zikafunza madaktari wa falsafa, hata hisabati ikatamalaki palipokuwa na masimulizi. Alhamdulillahi, dawa ilipita kipimo: leo profesa huandika makala, mwenziwe akaihakiki, wa tatu akainukuu, na tajiri mwenye duka, ambaye kwa ajili yake elimu hiyo yote iliasisiwa, hana habari; naye, kwa ujahili wake, angali anapata faida.