Sahani Isiyoonja Wali

Katika vyombo vyote vya nyumbani, hakuna kilichojaliwa uvivu wa heshima kama sahani ya kumbukumbu. Sufuria huungua, mwiko hukwangua ukoko, bakuli la mchuzi hupita mikono ya kila mla. Sahani ya marehemu babu yenyewe imetundikwa sebuleni, inatazama wenzake wakila.

Imezaliwa hivyo. Mgongoni, kwenye ukingo wa kitako, ina vitundu viwili vya kupitishia uzi. Aliyeifinyanga alishajua kwamba itakula ukuta. Chukua zile za Denmark: kiwanda cha Bing & Grøndahl cha Copenhagen kilitoa sahani yake ya kwanza ya Krismasi mwaka 1895, Royal Copenhagen ikafuata 1908. Kila mwaka picha mpya, rangi ni buluu na nyeupe, na theluji haiadimiki.

Theluji hiyo ikionekana ukutani Kibaha, asicheke mtu. Denmark, Finland, Norway na Sweden ndizo zilizoshirikiana na serikali ya Tanganyika mwaka 1963 kuanzisha kituo ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha, zikakikabidhi kwa Tanzania mwaka 1970. Shule na zahanati hutumika zikachakaa. Sahani haichakai, maana haitumiki.

Na ugomvi wa urithi je? Mikorosho hugawanywa, shamba hupimwa, lakini sahani ni moja na haikatwi. Ndugu wasiosalimiana tangu matanga hukutanishwa nayo tena, walau kikaoni. Vumbi lake hufutwa kwa unyenyekevu ambao wazee walio hai hawauoni, na mtoto akirusha mpira ndani, nyumba nzima hushikilia pumzi.

Uvivu huu una asili Pwani. Makaburi ya nguzo ya Kaole na Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina, yakakaa karne nyingi bila kuonja uji.

Katika Pwani hiyohiyo, Kisarawe imeizidi Kibaha kwa jambo moja. Vilima vya Pugu vimejaa kaolini, udongo mweupe unaofinyangiwa kauri, na ndani ya mashimo ya machimbo ya zamani wamehamia popo. Basi sahani imesafiri kutoka Ulaya kuja kutundikwa juu ya udongo wa aina yake, wala haioni haya. Ustahimilivu huo unastahili pongezi.

Mwenye nayo aishushe taratibu, aisome mgongoni: mawimbi matatu ya buluu ni Royal Copenhagen, minara mitatu ni Bing & Grøndahl. Kisha airudishe msumarini, wali upakuliwe kwenye sahani ya plastiki.