Nyuzi 1,200 za Kwenye Boksi

Jumamosi iliyopita, Nkwenda, mbele ya wakwe zangu, kisu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilipinda. Afadhali kingevunjika, kuvunjika kuna heshima yake. Kilikutana na mfupa wa mbuzi, ncha ikageuka taratibu ikatazama ilikotoka. Wanywaji wa rubisi wakanyamaza. Baba mkwe akakiinua juu ili hata walioketi nyuma wasipitwe. "Waitu, mkwe wangu," akasema, "hiki ni cha kukatia au cha kuchotea?" Shemeji zangu hawajamaliza kucheka. Mmoja amenitumia picha ya kijiko kwenye simu.

Chuma hakina kesi. Ni springi ya Fuso, na springi iliyobeba kahawa kwenye barabara zetu haina la kuthibitisha kwa mbuzi. Mshtakiwa ni tanuri la umeme.

Muuzaji alinisifia jambo moja tu: linafika nyuzi 1,200. Imeandikwa kwenye boksi kwa wino mwekundu. Nyuzi 1,200 ni za mfinyanzi. Kisu cha springi kinataka 830 hivi, basi. Ila kinazitaka kweli, kuanzia mpini hadi ncha, na hapo ndipo jambo lenyewe linaponinyima usingizi kwa utamu wake. Chuma kikipita nyuzi 770 hivi, sumaku inaacha kukishika. Inadondoka tu, kana kwamba hawajuani. Ukiongeza joto kidogo, kaboni iliyojificha kwenye vifundo inasambaa ndani ya chuma, na chuma chenyewe hakijayeyuka hata tone. Ukikitosa ghafla kwenye mafuta ya vuguvugu, kaboni inakosa pa kutokea, inabanwa humo humo, na kubanwa huko ndiko ugumu. Ugumu huo ni wa kuvunjika kwa kuanguka sakafuni, kwa hiyo unakipasha tena kwenye nyuzi 200 kwa muda wa saa mbili ili kipoe hasira. Ukikisugua king'ae kwanza, utakiona kikigeuka rangi ya majani makavu. Nimewahi kumwamsha mke wangu usiku aje aione rangi hiyo. Aliiona.

Tanuri langu lina kina cha sentimita 20. Kisu kilikuwa na 25. Nilikilaza mshazari, ncha ikawa inapumulia mlangoni, wakati kipimajoto kiko juu, karibu na waya wa moto. Kwenye kioo 830, mlangoni Mungu anajua. Kina hakikuandikwa kwenye boksi kwa wino wa rangi yoyote.

Halafu kuna umeme mdogo. Nguvu ya hita haishuki sawasawa na volti; inashuka kwa kipeo cha pili. Tanuri la kilowati 3 kwa volti 230, likipewa 175 za saa moja jioni hapa Omurushaka, linabaki na kilowati 1.7. Linapanda kwa kujivuta, na kisu kikikawia humo hewani, kaboni inatoroka kwenye ngozi ya chuma. Unatoa kisu kigumu moyoni, laini kwenye makali. Nilimpigia muuzaji. Akasema tatizo ni umeme wa kwetu, kisha akaacha kupokea simu.

Umeme wa kwetu! Kwa miaka mingi Kagera iliwashiwa taa kutoka Uganda kupitia Masaka, nasi tuko mwisho wa waya. Tanuri likijivuta, joto linalovuja ukutani muda wote huo nalilipia mimi, kwenye Luku. Asiyefikishiwa volti zake ndiye anayetumia uniti nyingi kwa kisu kilekile, na bado anaulizwa kwa nini hanunui stebilaiza. Na hii ndiyo Karagwe ya mfalme Rumanyika, ambayo hazina yake ya Bweranyange ilikuwa na ng'ombe wa chuma. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science jinsi wahunzi wa Buhaya, jirani zetu, walivyoingiza mirija ya mivukuto ndani ya tanuru, hewa ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wahunzi hao hawakuhitaji boksi.

Tanuri hilohilo lilirusha breka siku ya fainali ya mpira. Majirani wamenisamehe, isipokuwa mmoja.

Sasa natafuta lenye kina cha sentimita 40, mlango wa mbele na kipimajoto kinachokaa usawa wa kisu. Mwenye mashine ya kusaga ana umeme wa fezi tatu, amekubali niliweke kwake, niwashe usiku akishafunga. Sharti lake ni mundu wa kupogolea migomba, malipo ya mwezi wa kwanza. Amesema ataujaribu mwenyewe, na ameshaanza kualika watu.