Barua ya Wazi kwa Shirika la Reli: Treni Yetu Haijawahi Kuchelewa

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli Tanzania.

Yah: PONGEZI KUTOKA KWA WATEJA WA MIZIGO, MAPERA, MBINGA

Ndugu Mkurugenzi, kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sisi wateja wa reli ya Mtwara–Mbamba Bay tunakupongeza kwa huduma isiyo na dosari: treni yetu haijawahi kuchelewa, haijapindua behewa, wala haijapoteza gunia hata moja la kahawa. Siri ya ufanisi huo tunaijua: reli yenyewe haipo. Wenzetu wa Dar es Salaam na Dodoma, walioanza kupanda treni ya umeme mwaka 2024, wana anasa ya kulalamikia dakika tano.

Tunaambiwa tuvute subira, kwani reli ya takriban kilomita 1,000 haijengwi kwa magunia ya wakulima. Itabebwa na chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Hoja ina uzito, ila huku kusini ilishajaribiwa. Mkoloni alijenga reli ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga. Mwaka 1951 mradi wa karanga ukavunjwa, reli ikabaki kutafuta mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Haikuuawa na wateja wadogo. Iliuawa na mteja mkubwa ambaye hakutokea.

Wakati mteja mkubwa wa safari hii akijiandaa, mzigo uliopo haujamngoja. Makaa ya mawe ya Ngaka, hapa hapa Mbinga, yamekuwa yakienda bandari ya Mtwara kwa malori, juu ya lami tuliyoilipia kodi. Utasema barabara inatosha. Inatosha, hadi ije hesabu ya kuikarabati. Utasema kahawa ni ya msimu, haijazi treni. Kweli, lakini makaa yakishalipia kichwa cha treni, kahawa itadandia, na mabehewa yatakaporudi yatapakia mbolea, saruji na mabati badala ya upepo.

Kwa hiyo siku ramani itakapotandazwa mezani, tunaomba Mbinga ipewe ghala na mahali pa kupakilia mizigo ya vyama vya ushirika, si kibanda cha kuipungia mkono treni ya chuma. Mmatengo, mkulima wa huku Mbinga, hupokezanisha maharage na mahindi kwenye ngolo, mashimo yake ya kilimo cha mlimani. Hakabidhi mlima kwa zao moja. Mhandisi wako akipata nafasi, aje aone. Aje kwa basi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja Mtarajiwa, Mapera.

Nakala: Madereva wa malori ya makaa – wasiwe na wasiwasi.